Goti la Kasimiro

Arua, 18 Mei 1975

Kwa baba mdogo Sulaiti,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe na mama Hadijah, na mama yangu Hawah umwambie aache kulia, nimefika salama na sanduku halikuibiwa. Mbavu tu ndizo zinauma, kwa maana basi lilikuwa limejaa na nilikalia gunia la muhogo tangu Koboko. Karanga alizonisagia mama niliziramba zote njiani, ubaya ni wangu. Dereva Jale amekubali kutubebea barua bila malipo, mradi mama amwekee chai kila anapopita hapo.

Sasa kazi. Kwenye daftari la kiwanda cha pamba nimeandikwa mpima mizani, lakini mizani yenyewe sijaigusa na nasikia sitaigusa. Asubuhi tunafagia ghala kidogo ili watu wasiseme, kisha kuanzia saa tisa ni mpira wa kikapu mpaka jua linazama. Mshahara ni wa kucheza. Mji mzima unatuita Magunia, kwa sababu jezi za kwanza za timu zilishonwa kwa nguo ya magunia ya pamba. Vijana wa Onduparaka, ambao mpira kwao ni wa miguu basi, wamekwisha kunisimamisha njiani kuniuliza sketi yangu nimeiacha wapi, wakidhani nacheza netiboli. Nimewaambia waje wasimame chini ya Yakubu, yule mrefu wetu, siku anaposhuka na mpira, halafu tuongee habari za sketi.

Ngoja nikuchekeshe. Siku niliyofika, tulipokaa kula, alikuja mzee mmoja mwenye kipara kilichoanza, anachechemea, na jagi la maji na beseni. Nikajua huyu ndiye mtumishi wetu. Nikanyoosha mikono aninawishe. Maji aliyamimina kidogo kidogo, nikamwambia, mzee, ongeza, na sabuni iko wapi? Akaenda akaleta kipande cha sabuni, na unajua sabuni siku hizi ilivyo adimu. Wenzangu walitazamana, mmoja akakohoa. Nadhani walishangaa kuona mgeni asiyeona haya.

Mazoezi yanaanza kesho. Nataka kabla ya Idi niwe katika watano wa kwanza. Niombee.

Mwanao,
Lukumani

Koboko, 1 Juni 1975

Mwanangu Lukumani,

Waleikum salaam. Hapa ni wazima. Mama yako ameacha kulia, sasa ameanza kukusifu kwa kila anayekuja kununua chumvi, na mimi ningependa arudie kulia. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Hadijah anasema ukipata sukari huko usiile peke yako.

Nimesoma habari ya jagi mara mbili. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwanangu. Mahali pa ugeni mtu hunyoosha mikono akanyamaza.

Nataka kujua jambo moja dogo. Huyo mzee wa jagi anachechemea mguu gani?

Baba yako,
Sulaiti

Arua, 22 Juni 1975

Kwa baba mdogo,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote, na hao mapacha wa mbuzi pia. Sukari nimepata kikombe kimoja, Jale anayo, mwambie mama Hadijah apime kabla Jale hajanywa chai.

Mguu ni wa kushoto. Na sasa nicheke mimi, au nilie. Yule mzee wa jagi si mtumishi. Anaitwa Kasimiro Mindra, ndiye mkubwa wa wachezaji, na wala si mzee, ana miaka thelathini na mitano. Nilijua siku ya mazoezi ya kwanza, alipoingia uwanjani na jezi namba nne, na watu wote kumi wakajipanga bila kuambiwa. Nilitaka ile sakafu ya simenti ipasuke nizame. Nikaenda kumwomba radhi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Nikamwuliza kwa nini basi anatunawisha, maana kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa, na yeye amegeuza mambo. Akasema hivi:

"Mutu mupya naogopa, lakini hawezi kusema. Mimi namwaga maji, naangalia mikono. Kama natetemeka, mimi najua nitamusaidia wapi. Yako haikutetemeka. Yako ilikuwa na kiburi tu."

Baba mdogo, huyu mtu namwangalia kila siku na bado sijamaliza kumjua. Hakimbii sana, mguu haumruhusu, lakini mpira unapofika mahali yeye amekwisha kufika. Hagombezi mtu mbele ya watu. Ukikosea, atakungoja jioni mtembee pamoja kwenda nyumbani, akuulize habari za mama yako, kisha mkikaribia mlangoni ndipo akuambie kosa lako kwa maneno manne. Juzi nilitupa pasi ikaenda kwa maadui, wakafunga. Bwana Natale, karani mkuu ambaye ndiye meneja wetu, alipiga kelele akitaka kujua nani mjinga. Kasimiro akainua mkono, akasema yeye ndiye aliniita mahali pabaya. Hakuwa ameniita. Tangu siku hiyo pasi yangu naipeleka kwa macho mawili.

Nafasi anayocheza ndiyo ninayoitaka mimi, na anajua. Bado ananifundisha. Ananifumba macho na kitambaa nitembee uwanja mzima nikihesabu nyufa za simenti kwa nyayo, ili niache kuangalia chini.

Nilipomtajia jina lako aliuliza kama bado unarusha kwa mkono wa kushoto. Baba mdogo, nyumbani tunajua ulifanya kazi kiwandani hapa. Hukuwahi kusema kuwa ulicheza Magunia. Na miaka yote niliyocheza shuleni Koboko, hata siku moja hukuja kunitazama. Kwa nini?

Mwanao,
Lukumani

Koboko, 17 Agosti 1975

Mwanangu Lukumani,

Salamu. Najua barua yako imekaa karibu miezi miwili. Paa la jiko lilianguka, halafu tumbaku ilikuwa inakaushwa, halafu miwani ilipotea. Miwani tumeipata ndani ya kopo la mchele. Mama yako amefunga nywele mpya na anakusalimu.

Nilicheza miaka mitatu, si zaidi. Mambo ya ujana hayajazi kibaba. Mkono wa kushoto siku hizi unashika jembe.

Kama ni Kasimiro yule ninayemjua, fanya anachokuambia hata pale usipoelewa. Nitakupa kisa kimoja kisha tuyaache. Mwenzetu mmoja alifiwa na mke kule Ajia, na Jumapili ile tulikuwa na mechi kubwa. Sisi tulichanga maneno ya rambirambi. Kasimiro alikwenda Ajia kwa miguu, akalala matangani siku tatu, akampalilia mwenzake shamba la mtama ili watoto wasije wakakosa chakula. Mechi aliikosa, tukafungwa, na hakuna aliyemlaumu. Huyo mwenzetu, nasikia, alicheza miaka minne mingine, na kama Kasimiro angemwambia aruke ndani ya moto angeuliza tu ni moto upi.

Je, goti lake linamruhusu kuruka siku hizi? Na mkewe Rosa Kiden, bado yupo?

Baba yako,
Sulaiti

Arua, 14 Septemba 1975

Kwa baba mdogo,

Ramadhani njema kwako, kwa mama Hadijah na kwa mama. Hapa tunafunga watu saba katika timu, na mazoezi hayakupunguzwa. Kasimiro ni mkristo na angeweza kunywa. Lakini tangu mwezi uandame hajanywa tone mbele yetu, hata siku ya jua lile la Jumanne. Yakubu alimwambia anywe tu, dhambi si yake. Akajibu kwamba atakunywa nyumbani, mke wake naye apate mtu wa kumpa maji. Rosa Kiden yupo, ananisalimu kama mwanawe.

Baba mdogo, mimi niliandika mguu. Sikuandika goti. Umejuaje ni goti?

Nakuuliza na naharakisha, kwa sababu goti hilo limeniletea shida. Chumba changu kimepakana na nyumba yao, nyumba ya kiwanda. Kila jioni akirudi, Rosa Kiden huchemsha maji, humkanda na kumfunga kitambaa, na siku moja mlango ulikuwa wazi nikaona. Limevimba kama papai. Asubuhi anafungua kitambaa, anakuja mazoezini anacheka. Hakuna anayejua ila sisi watatu.

Wiki iliyopita bwana Natale aliniita ofisini. Akaniambia anataka kujua kweli: je, goti la Kasimiro limekwisha? Mimi naishi karibu, mimi nitajua. Kama limekwisha, Kasimiro ataondoka mwisho wa mwezi, na nyumba atarudisha, na nafasi yake ni yangu kuanzia mechi ya Gulu. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia niseme kweli tu. Na kweli ninaijua.

Nimemwomba anipe muda mpaka Idi ipite, nitamjibu Alhamisi ya tarehe tisa Oktoba. Usiku silali vizuri. Naitaka nafasi ile, sitakuficha. Nimeitaka tangu nikiwa darasa la tano. Na kusema kweli si dhambi, au ni dhambi? Nijibu kabla ya tarehe hiyo, tafadhali, na safari hii miwani isipotee.

Mwanao,
Lukumani

Koboko, 28 Septemba 1975

Mwanangu Lukumani,

Leo sina habari za mbuzi. Nimemtuma Hadijah kwa mama yako ili nikae peke yangu na karatasi hii.

Najua ni goti kwa sababu mimi ndiye niliyelivunja.

Ilikuwa mwaka 1966. Timu ilikuwa inakwenda Kampala kucheza, na katika gari kulikuwa na nafasi moja iliyobaki, yangu au ya Kasimiro. Yeye alikuwa mdogo kwangu mwaka mmoja na alikuwa ananipita, kila mtu aliona, na mimi niliona kuliko wote. Jioni ya mazoezi ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Mpira uligonga ubao, tukaruka wawili. Yeye alikuwa juu yangu. Nikamsukuma kiunoni akiwa hewani. Sikuteleza, Lukumani, na mkono haukupotea njia. Nilisukuma. Alianguka kwa goti kwenye simenti na sauti ile naisikia hata leo nikipasua kuni.

Alilala hospitali ya Kuluva siku tano. Waliomwuliza aliwaambia sakafu ilikuwa na maji, akateleza. Mimi nilipanda gari, nikaenda Kampala kwenye nafasi yake, nikacheza kama mtu aliyefungwa mikono. Tuliporudi alikuwa anatungoja stendi na magongo mawili. Alinipa mkono, akaniuliza matokeo. Nilimtazama usoni nikajua kwamba anajua. Wiki hiyo hiyo nilichukua nguo zangu nikarudi Koboko, nikawaambia ndugu kuwa hewa ya Arua haipatani nami. Na kila ulipocheza shuleni nilijifanya nina kazi shambani, kwa kuwa sikuweza kusikia mpira unadunda kwenye simenti.

Wewe unanidai maelezo haya, na najua utakapomaliza kusoma hutaniita baba kwa sauti ile ile. Hilo linaniuma na nimelikubali. Lakini sitakaa hapa kimya ukae kwenye kiti nilichokalia mimi. Natale anakuuliza kweli, ndiyo. Nami sikusema uongo wowote mwaka ule, niliacha tu mwenzangu aubebe. Nenda kamwambie Natale amwulize Kasimiro mwenyewe. Goti ni lake, na neno ni lake.

Usimwonyeshe barua hii. Hayo yangu na yeye niachie mimi.

Sulaiti

Arua, 19 Oktoba 1975

Kwa baba mdogo,

Asalaam aleikum. Idi ilikuwa njema, tulichinja mbuzi mmoja watu wote wa timu, na wakristo wetu walikula kuliko waliofunga. Mwambie mama shati limenikaa vizuri. Baba mdogo ninakuita, na sauti ni ile ile, ingawa siku mbili za kwanza nilishindwa hata kuikunja barua yako.

Ilichelewa. Basi la Jale lilivunjika ekseli, likalala njiani siku kumi. Barua niliipata Jumatatu tarehe kumi na tatu. Alhamisi nilikuwa nimekwisha kusema.

Nilimwambia Natale goti limevimba. Nilisema maneno hayo tu, nikatoka nikijiona mkweli. Ijumaa akawatangazia wote kwamba Kasimiro ataondoka mwisho wa mwezi, na Jumamosi Lukumani ataanza dhidi ya Gulu. Hakutaja aliyemwambia, lakini nyumba zetu zinashirikiana ukuta, mtu hahitaji kuwa mpelelezi. Rosa Kiden alinipita kisimani bila salamu. Jioni Kasimiro akabisha mlango wangu. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema:

"Wewe ulisema kweli, na kweli haina makosa. Mimi ndiye nilikuwa naficha. Sasa kuja, mechi iko kesho, na wewe hujui bado namna ya kuongea na Yakubu."

Akanitembeza uwanjani mpaka giza likaingia, akinionyesha kila mtu anapenda mpira umfikie wapi.

Kwenye mechi nilipotea, baba mdogo. Miguu ilikuwepo lakini akili haikuwepo. Kufika dakika kumi za mwisho Gulu walikuwa mbele kwa pointi tisa, na Yakubu amekasirika, hatoi pasi kwa mtu, amekwisha kumtukana refa kwa lugha tatu. Tulipopumzika Natale alianza kufoka. Kasimiro, aliyekuwa benchi na koti lake, akamwita Yakubu akamwambia kamba ya kiatu chake imefunguka na yeye goti halikunjiki, amfungie. Yule mtu mrefu akapiga magoti akamfunga kiatu, polepole, mafundo mawili. Alipoinuka hasira ilikuwa imekwisha. Kwangu alisema nimpe Yakubu mpira wa kwanza, na akikosa nimpe tena. Alikosa. Nikampa tena. Tulifungwa kwa kikapu kimoja tu, na watu wa Arua walipiga makofi kama tumeshinda, hata wale wa Onduparaka.

Kisha Jumatatu ikaja barua yako. Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Natale. Nikamwambia nilisema kweli nusu. Goti limekwisha, lakini mtu hajaisha, na kama Kasimiro anatoka katika nyumba ile, mimi narudi Koboko kulima tumbaku. Aliniambia mlango uko wazi. Nilipogeuka, Yakubu alikuwa mlangoni na wengine saba nyuma yake. Walikuwa wamesikia. Yakubu akasema kama ni hivyo, na wao waonyeshwe hiyo mizani, wataipima pamba kweli kweli, mpira basi. Natale alituhesabu kwa macho, akakubali. Sasa Kasimiro ndiye mkubwa wa timu kwa maandishi, hatacheza tena ila kufundisha, na nyumba inabaki kwake. Rosa Kiden amenisalimu, ila anasema nisizoee.

Jambo la mwisho. Ijumaa tulitembea naye nyumbani. Akaniambia kilichonileta Arua si Natale. Mwaka jana alipita Koboko, akatazama shule zikicheza, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Alipoambiwa ni mtoto wa kaka wa Sulaiti, akaja kumwambia Natale aniajiri. Nikamwuliza kwa nini alete mtu wa kumtoa mahali pake. Akasema mutu kama najua mahali yake itachukuliwa, afadhali achague yeye mwenyewe nani atakaa.

Nikapata moyo, nikamwuliza goti aliumiaje. Alitazama mbele, akajibu bila kusita.

"Nilianguka. Simenti ilikuwa na maji."

Miaka tisa, baba mdogo, na mbele ya mtoto wa nyumba yako bado anakufunika. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilinyamaza kama ulivyoagiza, na sijawahi kubeba kitu kizito hivyo. Lakini mimi si mwenye neno hilo.

Mwanao,
Lukumani

Koboko, 2 Novemba 1975

Mwanangu Lukumani,

Barua hii haitakuja kwa mkono wa Jale. Hadijah amenifungia chakula, mama yako amenipigia pasi kanzu, na wote wawili nimewaambia ninachokwenda kufanya. Mama yako akasema nimechelewa. Basi linaondoka saa moja asubuhi.

Ukisoma haya nitakuwa nimesimama mbele yako, nawe utakuwa unashangaa kwa nini mtu aliyefika anakupa barua badala ya kuzungumza. Najijua. Nikimwona yule mtu mdomo utanikauka, nitaanza habari za mbuzi na tumbaku, na nitarudi Koboko nilivyokuja. Kwa hiyo nishike mkono unipeleke kwake. Nikisema mwenyewe, ichane karatasi hii. Nikinyamaza, msomee mstari wa chini, mbele ya Rosa Kiden na mbele ya timu nzima, kwa sauti.

Kasimiro, simenti haikuwa na kosa. Ni mimi, Sulaiti, niliyekusukuma.